Volti Zinazopotea Njiani

Kwenye laini ndefu ya umeme, nyumba ya mwisho ina malalamiko yake. Mchana mambo ni shwari. Ikifika saa moja jioni, watu wamerudi makwao, pasi na majiko ya umeme yamewashwa, mwenye mashine ya kusaga hajafunga bado, taa hufifia, feni huzunguka kwa shida na friji hunguruma bila kuanza. Wenyeji husema umeme umekuwa mdogo. Wapo wanaosema shirika limepunguza umeme kwa makusudi, na wapo wanaomlaumu mwenye mashine kwamba anawanyonya wenzake. Lakini transfoma iko palepale ilipokuwa mchana, na mara nyingi inatoa karibu volti zilezile. Volti zimepotea kati ya transfoma na nyumba, na hesabu ya kujua zimepoteaje iko katika daftari la kila mwanafunzi wa kidato: volteji ni sawa na mkondo mara ukinzani.

Hiyo ndiyo kanuni ya Ohm. Wengi wetu tuliikariri, tukafanya maswali yake, tukapata alama, na bado tukiona taa imefifia hatuioni kanuni hiyo ikifanya kazi mbele yetu. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba kanuni tunayofundishwa imekatwa kipande. Ohm mwenyewe hakuiandika hivyo. Kipande kilichoachwa ndicho chenye majibu ya sehemu kubwa ya matatizo ya umeme ya majumbani, ya gereji na ya vijijini.

Tuweke maana sawasawa kwanza. Volteji hupimwa kati ya nukta mbili, kamwe si mahali pamoja. Ni kipimo cha kazi inayoweza kufanywa na kila kulombu ya chaji inayosafiri kutoka nukta moja hadi nyingine: volti 230 ni jouli 230 kwa kila kulombu. Ndege anayetua kwenye waya wa volti 11,000 haumii, kwa kuwa miguu yake yote miwili imeshika waya uleule na kati ya miguu hiyo hakuna volteji ya maana. Mkondo ni wingi wa chaji unaopita mahali fulani kwa sekunde, na ampea moja ni kulombu moja kwa sekunde. Ukinzani ni uwiano wa hivyo viwili. Birika la umeme la wati 2,000 kwenye volti 230 hupitisha ampea 8.7; gawanya, na koili yake ina ukinzani wa omu 26 na kidogo.

Walimu hupenda kufananisha umeme na maji, na mfano huo unafaa ukichukuliwa wote. Simtanki lililo juu ya mnara lina msukumo wake, bomba lina wembamba wake, maji yana mtiririko wake. Mwenye nyumba, hata hivyo, anajua jambo jingine ambalo darasani hurukwa. Akifungua bomba la bafuni peke yake, maji hutoka kwa nguvu. Jikoni na uani wakifungua kwa wakati huohuo, bafuni maji hulegea, ingawa maji ndani ya tanki hayajashuka. Bomba kuu linalowalisha wote limechukua sehemu ya msukumo. Ndivyo ilivyo kwa nyumba ya mwisho kwenye laini.

Kabla ya kufika huko, ipo dhana moja ya kuondoa: kwamba kifaa hula mkondo, unaingia mwingi na kutoka mchache. Weka ammeta kabla ya taa na nyingine baada ya taa, zitasoma sawasawa. Ampea zote zinazoingia zinatoka. Elektroni zenyewe husogea polepole mno: katika waya wa shaba wa milimita moja ya mraba unaopitisha ampea moja ya mkondo mnyoofu, zinasogea kiasi cha sentimita 26 kwa saa. Katika umeme wa majumbani, ambao ni mkondo geu unaokwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, hazifiki popote, zinatikisika papo hapo zilipo. Taa huwaka mara moja kwa sababu waya mzima umejaa elektroni tangu mwanzo, na msukumo unazifikia zote karibu kwa wakati mmoja. Kinachotumika njiani ni volteji. Chanzo kinatoa volti kadhaa, na kila kipande cha njia, iwe waya, ungio, swichi, koili au waya wa kurudi, kinachukua fungu lake kulingana na ukinzani wake. Mafungu yote yakijumlishwa hurudi kuwa zilezile volti za chanzo, wala hakuna kipande kinachosamehewa. Gustav Kirchhoff aliliweka hilo katika kanuni zake za saketi mwaka 1845.

Miaka ishirini kabla ya hapo Georg Simon Ohm, mtoto wa fundi makufuli wa Erlangen aliyezaliwa mwaka 1789, alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule mjini Cologne. Majaribio yake ya kwanza, ya mwaka 1825, yalimpa kanuni yenye makosa. Alitumia betri za wakati ule, na volteji yake ilishuka wakati yeye yuko katikati ya kupima. Johann Christian Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, alimshauri aachane na betri atumie joto. Mwaka 1821 Thomas Seebeck alikuwa amegundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa na maungio yake yakawa na joto tofauti, mkondo hupita. Ohm akaunganisha bismathi na shaba, ungio moja kwenye maji yanayochemka, jingine kwenye barafu. Chanzo hicho kilikuwa dhaifu sana ukilinganisha na betri, lakini hakikuyumba, na kwa kazi yake utulivu ulikuwa na thamani kuliko nguvu.

Mwaka 1826 alichukua nyaya nane za shaba za unene mmoja, fupi kuliko zote ikiwa ya inchi 2 na ndefu kuliko zote ya inchi 130. Alizifunga kwenye saketi moja baada ya nyingine, akapima mkondo kwa jinsi ulivyosukuma sindano ya sumaku iliyoning'inizwa. Kwa waya wa inchi 2 alipata karibu 327 kwa vipimo vya chombo chake. Kwa waya wa inchi 130 alipata 48 na nusu. Namba hizi zinastahili kutazamwa kwa utulivu. Waya umerefushwa mara 65, na mkondo haukupungua hata mara 7. Mwanafunzi aliyeshika kanuni ya darasani peke yake angetarajia upungue mara 65, angeona matokeo haya na kudhani chombo kimeharibika.

Ohm hakudhani hivyo. Aliandika kwamba nguvu ya mkondo ni sawa na a ikigawanywa kwa jumla ya b na x. Hapo x ni urefu wa waya unaopimwa. A hutokana na tofauti ya joto, yaani msukumo wa chanzo. Na b ni kila kitu kingine kilichomo katika saketi: bismathi, maungio, vipande vya kuunganishia. Kwa chombo chake b ilikuwa 20 na robo. Maana yake, sehemu ya saketi ambayo hakuna aliyekuwa anaitazama ilikuwa na ukinzani sawa na inchi 20 hivi za waya wake. Alipopunguza tofauti ya joto, a ikashuka na b ikabaki ileile. Hapo alijua kwamba ametenganisha vitu viwili ambavyo kweli ni tofauti: msukumo wa chanzo kwa upande mmoja, na njia kwa upande mwingine.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1827, na Ujerumani ilikipokea kwa ubaridi. Heshima kubwa ilimjia kutoka Uingereza, Royal Society ilipompa medali ya Copley mwaka 1841. Profesa wa Munich alikuja kuwa mwaka 1852, miaka miwili kabla ya kufa. Nataja pia kwamba Henry Cavendish, Mwingereza, alikuwa ameshaukaribia uhusiano huu kufikia mwaka 1781. Alikuwa hana ammeta, kwa hiyo aliupitisha umeme mwilini mwake na kulinganisha ukali wa mishtuko. Hakuchapisha. Karatasi zake zilitolewa na James Clerk Maxwell mwaka 1879, wakati dunia imeshajifunza kwa Ohm.

Hii b ndiyo iliyokatwa. Katika michoro ya darasani betri haina ukinzani, waya hauna ukinzani, maungio hayana ukinzani, na kila volti ya chanzo inafika salama kwenye kifaa. Baadaye b hurudi kwa mlango wa nyuma kama mada ndogo ya ukinzani wa ndani wa betri, inafanyiwa maswali mawili matatu, inasahaulika. Ningependa kuona walimu wakianza nayo.

Turudi kwenye laini yetu. Tuchukue waya wa alumini wa milimita 50 za mraba, nyumba ikiwa kilomita moja kutoka kwenye transfoma. Waya kama huo una ukinzani wa omu 0.56 hivi kwa kilomita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo njia nzima ni kilomita 2, yaani omu 1.13. Mchana, matumizi ya mwisho wa laini yakiwa ampea 10, laini inachukua volti 11 na nyumba inapata 219. Hakuna anayelalamika. Jioni ampea zikifika 40, laini inachukua volti 45, na nyumba inabaki na 185. Kwa mkondo geu kuna pia kizuizi kinacholetwa na usumaku wa nyaya, ambacho nimekiacha, kwa hiyo hali halisi huwa mbaya zaidi kidogo. Joto linalopotea kwenye nyaya nalo limeongezeka kupita kiasi. James Joule alionyesha mwaka 1841 kwamba joto hufuata mraba wa mkondo: ampea 10 hupoteza wati 113, ampea 40 hupoteza wati 1,800. Mkondo umezidi mara 4, hasara imezidi mara 16.

Ndani ya nyumba hiyo vifaa haviteseki kwa namna moja. Birika lile la omu 26 kwenye volti 185 hupitisha ampea 7, na nguvu yake inashuka kutoka wati 2,000 hadi 1,300 hivi. Maji yatachemka, ila kwa kuchelewa. Chaja ya simu haijali, kwani nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kati ya volti 100 na 240. Volteji ikipungua, chaja huvuta ampea nyingi zaidi kufidia. Friji ndiyo inayoumia. Mota ya kompresa huhitaji nguvu ya kuanza kuzunguka, na nguvu hiyo hushuka kwa mraba wa volteji. Ikishindwa kuanza, inakwama huku ikivuta mkondo mkubwa sana, koili zake zinapata joto, na isipokatwa mapema inaungua. Ndiyo maana mafundi husisitiza kifaa cha kukata friji umeme unaposhuka, na wanasema kweli.

Shida ya b ni kwamba mita haiioni. Voltimeta ya kisasa ina ukinzani wa kama omu milioni 10, kwa hiyo mkondo inaouvuta ni karibu na sifuri. Mkondo ukiwa karibu sifuri, b haichukui volti yoyote ya maana hata ikiwa kubwa. Fundi anapima betri ya gari iliyolala, anasoma volti 12.6, anasema betri ni nzima. Dereva anawasha, gari linatoa mlio wa tik tik, basi. Tufanye hesabu. Starta tuipe ukinzani wa omu 0.07. Betri nzima ina ukinzani wa ndani wa omu 0.01: mkondo ni ampea 157, na starta inapata volti 11. Betri iliyochoka ina omu 0.05: mkondo ni ampea 105, starta inapata volti 7 na kidogo. Kwa mita, betri hizi mbili zinafanana. Kuzitofautisha kunataka zipimwe zikiwa na mzigo: washa taa kubwa, piga starta, tazama volti zinashuka kiasi gani.

Kwa sababu hiyohiyo, betri ndogo nane za tochi zikipangwa zitatoa volti 12, na haziwezi kuwasha gari hata kidogo. Ukinzani wake wa ndani kwa pamoja unazidi omu moja, kwa hiyo hata ukiziunganisha ncha kwa ncha ampea hazifiki mia. Spana ikidondoka juu ya ncha mbili za betri ya gari, mamia ya ampea hupita na chuma kinaweza kuiva kikawa chekundu. Mkono mkavu ukizishika ncha hizohizo hausikii kitu, kwa kuwa ngozi kavu huweza kuwa na ukinzani wa makumi ya maelfu ya omu.

Hapo ndipo penye ule ubishi wa vijiweni, kama kinachoua ni volti au ampea. Mwilini madhara huletwa na mkondo. Miliampea 30 zikipita kifuani kwa muda zinatosha kuhatarisha moyo. Lakini mkondo hauji wenyewe, huletwa na volteji ikigawanywa kwa ukinzani wa njia nzima. Mtu aliyelowa, miguu peku juu ya sakafu yenye maji, anaweza kushuka hadi omu 1,000. Volti 230 zitampitishia miliampea 230. Breka ya ampea 20 pale ukutani haitajua kuna mtu anakufa, maana kwake hiyo ni robo ya ampea tu, chini ya mkondo wa pasi. Waya wa ethi nao una b yake, na b hiyo ni udongo. Nondo ikichimbiwa kwenye mchanga mkavu inaweza kuwa na ukinzani wa omu 50 au zaidi, na wakati wa kiangazi hupanda. Kifaa kikivujisha umeme kwenye bodi yake, volti 230 kwa omu 50 ni ampea 4.6, breka ya ampea 20 haishtuki, na bodi ya kifaa inabaki na umeme ikimsubiri atakayeigusa. Kwa hiyo nyumba inahitaji ile swichi inayolinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, inayokata tofauti ikifika miliampea 30. Naona vibaya kwamba bado kuna nyumba mpya zinazofungwa bila swichi hiyo ili kuokoa fedha kidogo.

Mioto mingi ya umeme pia hukaa ndani ya b. Watu hudhani moto huletwa na shoti. Shoti ni hatari, lakini mkondo wake ni mkubwa na breka nzuri huikata mara moja. Soketi iliyolegea ina hila zaidi. Skrubu haikukazwa vizuri, ungio limepata kutu, na sasa lina ukinzani wa nusu omu. Hita ya ampea 10 ikichomekwa, ungio hilo linachukua volti 5 na kuzalisha wati 50 za joto mahali padogo kama ncha ya kidole. Plastiki inalainika, inageuka kahawia, inanuka, mwishowe inashika moto. Wakati wote huo mkondo uko chini kidogo ya kawaida, kwa kuwa ukinzani wa njia umeongezeka, na breka inayochunga ampea nyingi haina sababu ya kukata. Soketi yenye joto inatakiwa ifunguliwe na kukazwa siku hiyohiyo, swichi kuu ikiwa imezimwa.

Kisa kibaya kuliko vyote ni cha waya wa nyutro kukatika kwenye laini ya fezi tatu. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 230, kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ikiwa nzima, kila nyumba ina njia yake ya kurudi. Ikikatika karibu na transfoma, nyumba za fezi tofauti hujikuta zimepangwa mfululizo kati ya volti 400, na zinagawana volti hizo kwa kufuata ukinzani wa kila moja. Tuseme zimebaki nyumba mbili. Moja imewasha birika lenye omu 26, nyingine ina televisheni na taa ambazo kwa pamoja ni kama omu 500. Nyumba ya birika itapata volti 20 tu. Nyumba ya televisheni itapata 380. Aliyekuwa na matumizi madogo ndiye anayeunguziwa vyombo, na mara nyingi haelewi kwa nini jirani yake, aliyekuwa na umeme hafifu wakati huohuo, hakupoteza kitu.

Kanuni ya Ohm ina mipaka yake, na ni vizuri kuitaja bila kuikuza. Mtu anaweza kugawanya volti kwa ampea za kifaa chochote na kuiita ukinzani. Kanuni inasema zaidi ya hapo: kwamba ukinzani huo unabaki uleule volteji ikibadilika. Metali yenye joto lisilobadilika inatii vizuri sana. Taa ya zamani ya wati 100 ina ukinzani wa omu 529 ikiwaka, na ikiwa baridi huwa zaidi ya mara kumi chini ya hapo, ndiyo sababu taa hizo ziliungua zaidi wakati wa kuwashwa. Taa za LED haziitii kabisa. Mstari wa LED tatu nyeupe hutaka volti 9.6 hivi ndipo upitishe mkondo wa kazi. Ukizifunga kwenye betri ya sola ya volti 12 kwa rezista ya omu 120, zitapata miliampea 20. Paneli ikiijaza betri hadi volti 14.4, rezista inabaki na volti 4.8, na mkondo unakuwa karibu maradufu. Volteji imepanda kwa asilimia 20 tu. Taa nyingi za bei nafuu hufa hivyo, mchana kweupe, kwenye nyumba zenye sola nzuri.

Sola inatufundisha pia kwa nini waya unaotosha mahali pamoja hautoshi pengine. Televisheni ya wati 60 kwenye volti 12 huvuta ampea 5. Ukitumia waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba kwa umbali wa mita 10, kwenda na kurudi ni omu 0.23, na volti 1.15 zinapotea, karibu sehemu ya kumi ya volti zote. Televisheni ya wati hizohizo kwenye volti 230 huvuta ampea 0.26, na waya uleule unapoteza volti 0.06. Ukipandisha volteji, mkondo unapungua kwa nguvu ileile, na b inakosa cha kula.

Hiyo ndiyo siri nzima ya minara mirefu ya umeme. Umeme wa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, hupelekwa Chalinze kwa kilovolti 400. Mfano ulio wazi zaidi uko Kongo. Laini ya Inga hadi Kolwezi, iliyoanza kazi mwaka 1982, ina urefu wa kilomita 1,700 hivi na ilijengwa kupeleka megawati 560 kwenye migodi ya Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule. Ni ya mkondo mnyoofu, na kati ya nyaya zake mbili kuna kilovolti 1,000. Gawanya na utapata ampea 560, mkondo unaolingana na wa starta za magari matatu au manne, ukivuka nchi nzima. Kwa volti 230 ungehitajika mkondo wa ampea zaidi ya milioni mbili. Gharama yake ya kijamii nayo inajulikana: mkondo mnyoofu wa volteji hiyo unahitaji vituo vikubwa vya kuugeuza, navyo viko kwenye ncha, kwa hiyo vijiji vilivyo chini ya nyaya hizo viliendelea kukaa gizani. Ni chaguo la watu waliopanga nani apewe umeme, na fizikia ilifanya chaguo hilo liwe rahisi kutetea.

Kwa nyumba yetu ya mwisho, dawa ni tatu, na zote zinatoka kwenye hesabu ileile. Kuongeza unene wa waya: milimita 100 za mraba badala ya 50 hupunguza upotevu kwa nusu. Kupunguza mzigo wa jioni, ambako wateja hawawezi kulazimishwa. Na kuisogeza transfoma. Transfoma ikihamishwa kutoka mwanzo wa laini hadi katikati ya wateja, kila upande unabeba nusu ya mkondo kwa nusu ya umbali, na volti zinazopotea mwishoni zinabaki robo. Hii ya tatu ndiyo bora kwa vijiji vyetu vilivyotawanyika: laini ya volteji kubwa ifike ndani kabisa, transfoma ndogo ziwe nyingi, nyaya za volti 230 ziwe fupi.

Wenye uwezo hununua stabilaiza. Inamfaa aliyeinunua na inawaumiza wengine. Ili impe birika lake wati 2,000 kamili kutoka kwenye volti 185, stabilaiza lazima ivute karibu ampea 11 kwenye laini, ambapo bila stabilaiza birika hilo lingevuta 7. Ampea 4 za ziada zinapita kwenye zile omu 1.13 za laini, zinachukua volti nyingine 4 na nusu, na kila jirani anashuka. Naye jirani akinunua yake, mkondo unaongezeka tena.

Kijiji kinachotaka kudai haki yake kifanye kipimo kimoja kabla ya kuandika barua. Saa mbili usiku, wakati mzigo ni mkubwa, fundi mwenye leseni asome volti kwenye transfoma, na dakika hiyohiyo mwingine asome kwenye nyumba ya mwisho. Transfoma ikisoma 230 na nyumba 185, tatizo ni laini, na ombi liwe la transfoma ya karibu au waya mnene. Transfoma yenyewe ikisoma 195, hakuna waya utakaosaidia. Imezidiwa, au laini ya volteji kubwa inayoilisha imeshuka kabla ya kuifikia. Na kama nyumba ya mwisho inasoma 185 huku jirani wa mita 30 anasoma 215, basi laini haina kosa: kuna ungio limelegea kati ya nguzo na ukuta, linatoa joto sasa hivi, na linapaswa kukatwa umeme usiku uleule.